Mchele wa Kyela wafuata dhahabu Chunya

SAA kumi na moja alfajiri, kabla vijana wa bodaboda hawajajipanga kwenye daraja la mto Songwe kusubiri abiria wa Malawi, pikapu moja ya milango minne ilikwishatoka Kasumulu kuelekea Tukuyu. Nyuma ilibeba magunia manane ya mchele. Ndani walikuwamo watu wanne wa kikoba kimoja: dereva ambaye ndiye mwenye gari, mama mmoja anayefanya biashara ya mchele kwa miaka mingi, kijana anayebadilisha shilingi na kwacha pale mpakani, na mzee wa miaka zaidi ya 70 mwenye shamba la kakao upande wa Ipinda.

Ni marafiki, lakini safari haikuwa ya matembezi tu. Kijana alikuwa na shilingi milioni mbili mfukoni, mkopo wa kikoba. Ndugu yake, mtoto wa mama mdogo, alimpigia simu kutoka Makongolosi akimwomba aingize fedha kwenye duara la dhahabu. Waliomdhamini kwenye mkopo huo ni yule mama na yule mzee. Walipopata habari kwamba fedha haziendi tena kwenye kibanda cha nguo kama alivyoandika kwenye fomu, hawakumgombeza. Walimwambia tu kwamba nao watakwenda kuliona hilo shimo.

Mama naye alikuwa na lake. Mwenye mgahawa mmoja wa Makongolosi alikuwa na deni lake la magunia matano, na kila akipigiwa simu alijibu kwamba fedha "imelala kwenye mawe".

Magunia yalikuwa manane, wala si kumi na mbili, kwa hesabu. Tangu bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilipopunguza ushuru wa mazao hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ulisamehewa ushuru huo. Magunia manane ya kilo mia mia ni kilo 800. Wafanyabiashara wengi wadogo wa Kyela wanaijua hesabu hiyo kuliko watoza ushuru wengine. Mama huyo pia hafungi lumbesa. Anasema mteja wa mgodini hupima upya, na akikukuta umedanganya mara moja habari hufika kila kambi kabla hujageuza gari.

Kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako usawa wa maji hauzidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda bila kupumzika. Mpunga unaachwa nyuma, inafuata migomba, kisha chai ya Rungwe. Mbele kidogo mzee aliwaonyesha wenzake vilima vya upande wa magharibi. Huko ndiko uliko mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 ulibinafsishwa, baadaye uzalishaji ukasimama, hatimaye ukarudi mikononi mwa Serikali chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Waliokuwa wakiuza maandazi, samaki na mchele kwa wafanyakazi wa mgodi ule wanajua maana ya king'ora kuacha kulia. Kwa hiyo mtu wa Kyela hahitaji kufika mbali kujifunza kwamba mgodi unaweza kufungwa asubuhi ukiwa bado unadaiwa chakula cha jana.

Tukuyu walikunywa chai. Uyole walijaza mafuta. Mbeya mjini hawakusimama, ingawa mji huo nao, ulioanzishwa mwaka 1927, ulikua kwa ajili ya dhahabu ya kule walikokuwa wakienda.

Nyuma ya mlima

Barabara ya Mbeya kwenda Chunya ni kilomita 72, sasa yote ni lami. Kwanza inapanda ukingo wa milima ya Mbeya kwenye baridi na ukungu, ambako wanawake huuza viazi na kabichi kando ya njia, kisha inaporomoka upande wa pili kupitia Lwanjilo. Hapo ndipo mtu wa Kyela anapotulia kimya. Kwao mvua ya Aprili hufurika hadi mitumbwi huingia shambani. Huku chini ni miombo, mawe, vumbi jekundu na mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Si jangwa, lakini aliyezoea kuona maji kila upande wa nyumba hawezi kuliita jina lingine kirahisi. Kijana alisema, "Mama, huku hata mchicha unakataa." Mama akamjibu kwamba ndiyo maana yeye anakuja na mchele.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii, na si ya leo. Dhahabu ya mto Lupa iligunduliwa mwaka 1922, lakini mkurupuko mkubwa ulikuja miaka ya 1930. Uingereza ilipoacha kufungamanisha fedha yake na dhahabu mwaka 1931, na Marekani ilipopandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35 mwaka 1934, mchanga ambao haukuwa na faida ukawa na faida kwa usiku mmoja. Wazungu mamia kwa mamia walifika na karai na ungo, wengi wao wakiwa wametoroka ukata wa dunia wa miaka ile. Waafrika waliofanya kazi yenyewe walikuwa maelfu kwa maelfu.

Wengi wa hao walitoka Rungwe na mwambao wa ziwa. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliwaona vijana wakiondoka kwenda Lupa kutafuta fedha ya kodi na ng'ombe wa mahari. Baba wa mzee huyu wa kakao alikuwa mmoja wao. Alikwenda kwa miguu akivuka milima hiyo hiyo, akachimba misimu miwili, akarudi na fedha ya ng'ombe watatu, na hakurudi tena. Mzee anasimulia kwamba baba yake hakuwahi kuisifu dhahabu hata siku moja. Alichokuwa akikisimulia ni njaa ya kambini, na jinsi mtu aliyefika na mchele kutoka kwao alivyokuwa akipokewa kama jumbe.

Maana mchimbaji halimi. Akishika sururu ya mwamba, jembe linabaki nyumbani. Ardhi ya Chunya inatoa mahindi, karanga na hasa tumbaku, lakini wali wa sherehe na wa mgahawa hutoka kwingine. Ushindani wa mchele wa Kyela ni mchele wa Usangu, ambao uko jirani zaidi na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Wapo pia wanaochanganya yote mawili na kuandika "Kyela" kwenye gunia. Mama wa Kasumulu hubeba kilo moja pembeni kwenye mfuko wa nailoni ili mnunuzi apike kwanza, anuse sufuria, ndipo wazungumze bei.

Soko la Chunya

Chunya mjini waliuza magunia mawili kwa fedha taslimu, kwa duka moja la jumla. Mzee aliomba wapite Soko la Madini, lililofunguliwa mwaka 2019 baada ya Serikali kuagiza kila mkoa wenye madini uwe na soko lake. Kabla ya hapo mchimbaji aliuza dhahabu yake kwa broka aliyemkuta shimoni, kwa mizani ya broka na bei ya broka. Sasa huipeleka sokoni, inapimwa uzito na kiwango cha ubora mbele ya ofisa, kisha wanunuzi wenye leseni hutaja bei zao. Sheria ya mwaka 2017 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na mwaka huo huo ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Wachimbaji walinung'unika, na mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ili wasikimbilie njia za panya.

Kijana wa kubadilisha fedha alisimama pale muda mrefu kuliko wote. Kazi yake ni kuangalia bei ikipanda na kushuka, na hapa aliikuta bei iliyompumbaza. Mwezi Oktoba 2025 wakia moja, yaani takriban gramu 31.1, ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza katika historia. Miaka mitano tu kabla, dola 2,000 ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Alirudi kwenye gari akiwa amekwishatajirika kichwani.

Deni la Makongolosi

Kutoka Chunya hadi Makongolosi ni kilomita 39 za lami nyingine mpya. Makongolosi ni mji wa kelele. Makarasha yanasaga mawe, jenereta zinanguruma, pikipiki zimebeba viroba vya mawe, vijana wanatoka porini na detekta begani kama wawindaji. Maduka ya vipuri vya kompresa ni mengi kuliko ya madaftari.

Mwenye mgahawa hakuwakimbia. Aliwapikia, tena wali wa ule ule mchele wa deni, kisha akaeleza. Aliwakopesha chakula wachimbaji wa maduara manne. Mawili yamekauka, moja limejaa maji, la nne limetoa mawe lakini hayajasagwa. Akamtolea mama pendekezo ambalo kwa mgeni ni kichekesho na kwa mwenyeji ni biashara halali: achukue viroba ishirini vya mawe badala ya fedha, apeleke karashani mwenyewe, atakachokipata ni chake.

Mama aliviangalia viroba vile. Mawe yenye dhahabu na yasiyo na dhahabu hufanana machoni pa mtu wa mchele. Angelazimika kulipia usagaji, kulipia kuchenjua, na mwisho angeweza kupata gramu kadhaa au asipate kitu. Alikataa. Baada ya majadiliano ya karibu saa mbili alipewa fedha ya magunia mawili, na kwa matatu yaliyobaki wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tarehe na sahihi. Magunia mengine manne ya safari hii aliyauza kwa duka la rejareja, fedha mkononi. Mwenye mgahawa alimwomba walau gunia moja la mkopo. Alijibiwa kwa heshima, "Kaka yangu, tumalize kwanza la jana."

Jioni walikwenda kwenye duara.

Lilikuwa nje kidogo ya mji, chini ya turubai, na winchi ya mkono juu. Ndugu wa kijana aliwapokea kwa furaha ya kweli. Walikuwa wamechimba miezi mitatu na kufika mita kama ishirini. Mwamba ulikuwa "karibu", neno ambalo kwenye machimbo halina urefu maalumu. Kilichokosekana ni fedha za kukodi pampu ya kuvuta maji na kompresa, kununua magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na chakula cha watu saba. Kwa milioni mbili kijana angepewa sehemu yake katika kila kiroba kitakachotoka.

Maswali aliyauliza yule mzee, kwa upole, kama anayeuliza habari za shamba. Leseni ni ya nani? Ikaonekana ni ya mtu mwingine anayeishi Mbeya mjini. Makubaliano naye yameandikwa? Hapana, walizungumza tu. Mawe yakitoka, wa kwanza kuchukua ni nani? Mwenye leseni, kisha mwenye duara, kisha aliyekopesha pampu, kisha mwenye karasha, kisha wachimbaji, na baada ya hao ndiyo mwenye mtaji kutoka Kasumulu. Foleni ndefu kwa jiwe moja.

Ni vema wasomaji wakalijua jambo hili, kwa sababu simu za namna hiyo huwafikia wengi. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania peke yao, kwa eneo lisilozidi hekta 10, na hudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa. Ina namba, na namba hiyo inaweza kuthibitishwa katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi, ambayo kwa eneo hili iko Chunya. Asiye na jina kwenye leseni wala mkataba wa maandishi na mwenye leseni, anachimba kwa hisani. Mwamba ukionekana, hisani huwa ngumu kukumbukwa.

Usiku ule walilala gesti moja iliyo karibu na karasha, kama usingizi ni neno lake. Kijana hakusema mengi. Ndugu yake alikuwa amemwonyesha kipande cha jiwe chenye kimstari cha njano, na kimstari hicho kilikuwa cha kweli.

Saza, na mji wa mchanga

Siku ya pili hawakurudi walikopita. Dereva alitaka kuzungukia Saza na Mkwajuni, upande ambao tangu mwaka 2016 uko mkoa mpya wa Songwe, watokee Mbalizi. Barabara ni ya vumbi, lakini mzee aliunga mkono, kwani Saza ni jina alilolisikia tangu utoto.

Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kati ya mwaka 1939 na 1956 na kutoa zaidi ya wakia 270,000 za dhahabu, wa pili kwa ukubwa nchini wakati ule baada ya Geita. Kilichouua si kwisha kwa dhahabu peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili gharama za mashine, mafuta na mishahara zilipanda mwaka hadi mwaka, huku bei ya dhahabu ikiwa imegandishwa kwenye dola ile ile 35 ya mwaka 1934. Mkulima aliyewahi kununua mbolea kwa bei mpya na kuuza mahindi kwa bei ya zamani hahitaji mchumi wa kumfafanulia.

Mwaka huo huo wa 1956, kule Namibia, watu wa mwisho walihama Kolmanskop, mji wa almasi uliozaliwa baada ya jiwe la kwanza kuokotwa mwaka 1908 jangwani. Ulikuwa na hospitali, ukumbi wa dansi na kiwanda cha barafu. Leo mchanga umejaa vyumbani hadi madirishani, na watalii hulipa kiingilio kuupiga picha. Saza haikupata umaarufu huo, na huenda ni bahati. Wachimbaji wadogo walirudi kwenye mashimo ya wakoloni na kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, wakatafuta kile ambacho mitambo ya zamani ilikiacha. Kisha mwaka 2012 mgodi mkubwa wa New Luika ulianza kuzalisha jirani na hapo. Mji haukujaa mchanga. Ulijaa watu wengine.

Lakini wamepokezana pia madhara. Kando ya njia waliona mwanamume akichoma donge la dhahabu na zebaki kwenye jiko la mkaa, mtoto akiwa ubavuni mwake. Moshi wa zebaki hauonekani vizuri wala hauna harufu ya kumtahadharisha mtu, nao huharibu mishipa ya fahamu. Mama alishuka kwenye gari akamwita yule mtoto, akampa embe la Kyela, akamketisha mbali chini ya mti. Ndilo aliloweza.

Mkwajuni aliyauza magunia mawili ya mwisho kwa mfanyabiashara anayehudumia wakulima wa tumbaku. Huyo ndiye aliyemfurahisha kuliko wote. Mkulima wa tumbaku naye hukopa, lakini siku ya malipo yake inajulikana, fedha hupitia chama cha msingi, na msimu wa soko huangukia karibu na wakati mpunga wa Kyela unapovunwa. Wakakubaliana magunia matano kwa safari ijayo.

Walipofika Galula walivuka mto, na kibao kikasema Songwe. Kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, akiuliza kama wamekwishafika mpakani. Ipo mito miwili ya jina hilo: huu unashuka kaskazini kwenda Ziwa Rukwa, na ule wa kwao unashuka Ziwa Nyasa ukitenganisha Tanzania na Malawi.

Karibu na Mbalizi ndipo aliposema alichoamua. Alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala, alimpelekea ndugu yake shilingi laki tatu. Hakuzipa jina la hisa. Alimwambia ni za chakula na magogo, kwa sababu mtoto wa mama mdogo hawezi kuachwa afukiwe, na kwamba habari za mtaji wazungumze siku atakapomwonyesha mkataba wenye namba ya leseni. Milioni moja na laki saba zilikuwa bado mfukoni. Mama akamwambia kwamba kwa fedha hiyo angeweza kuingia naye ubia wa mchele, wagawane faida na nauli. Mzee akasema hapana, fomu iliandikwa nguo, na kama matumizi yanabadilika ni kikao kibadilishe. Wakabishana kutoka Uyole hadi Tukuyu.

Giza lilikuwa limeingia walipofika Kasumulu. Kikao cha kikoba ni Jumapili. Mama alikwisha andika kwenye daftari lake magunia matano ya Mkwajuni kwa kalamu ya bluu, na matatu ya mgahawa wa Makongolosi kwa kalamu nyekundu.